Koki ya bafuni inachoma, na uniti 28 zinaisha siku tatu

mama_kihonda

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, nimechanganyikiwa.

Nakaa Kihonda, Morogoro, nyumba ya kupanga, luku naitumia peke yangu. Nina friji ndogo ya mlango mmoja, tivii, taa saba za LED, pasi, na hita ya maji bafuni, ile ya tanki la lita 30, aliyofunga mwenye nyumba mwezi wa tatu. Nilikuwa nikinunua umeme wa 10,000 napata uniti 28, zinanifikisha siku tisa. Sasa ni wiki ya tatu, siku ya tatu tu luku inalia.

Jambo la pili ndilo linaloninyima usingizi. Koki ya bafuni ukiishika na mkono uliolowa inachoma kama sindano nyingi kwa pamoja, mpaka kwenye kiwiko. Mwanangu wa miaka sita alianza kukataa kuoga. Nikamgombeza siku mbili nzima nikidhani ni utundu, mpaka nilipoishika mwenyewe nikiwa pekupeku. Linaniuma hadi leo.

Friji nayo ilikuwa inachoma kwenye mpini. Akaja fundi wa mtaani, akafungua plagi, akakata waya wa kijani na njano. Friji ikatulia kabisa. Uniti kuisha haraka, yeye anasema mita imechoka, inakimbia yenyewe. Hita siidhani, maana swichi yake naizima kila tukimaliza kuoga.

Je, ni mita kweli?

mpangaji_mwenzako

Pole sana dada. Mimi yaliwahi kunikuta, kumbe jirani alikuwa amejiunganishia. Zima meni swichi, halafu kaangalie taa nyekundu ya mita. Ikiendelea kupepesa wakati nyumba nzima ni giza, kuna mtu anakula umeme wako kabla haujafika kwenye bodi yako.

fundi_waya

Mama, kabla hujamaliza kusoma, nenda kwenye bodi ushushe breka ya hita. Breka, siyo swichi ya ukutani. Na mtoto asiguse koki ile mpaka tumalize. Ukishashusha, rudi hapa.

Mita inahesabu, na mara nyingi ikikimbia ni kwa sababu kuna umeme unapita kweli. Wati 1,000 zikiwaka saa moja, hiyo ni uniti moja. Friji kama yako kwa siku inakula uniti moja au moja na nusu. Pasi ya wati 1,000 ukiipiga nusu saa, nusu uniti. Hita ya tanki kama yako mara nyingi ni wati 1,500, na kwa maji ya kuoga ya asubuhi haiwaki hata saa nzima. Ukijumlisha na taa na tivii unapata zile uniti tatu kwa siku ulizozizoea. Sasa unatumia tisa. Uniti sita za ziada kwa siku ni sawa na kitu cha wati 250 kinachowaka usiku na mchana bila kupumzika, na nyumbani kwako hakuna kitu cha namna hiyo ukijuacho.

Wati 250 kwenye umeme wetu wa volti 230 ni kama ampea moja na kidogo. Nadhani ampea hiyo inatoka kwenye elementi ya hita (kile chuma kinachochemsha maji) iliyopasuka, inapita kwenye maji na bati la tanki, inaingia kwenye waya wa ethi, yaani ule wa kijani na njano wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, inashuka kwenye nondo iliyochimbiwa nje, inazama ardhini. Ardhi ikiwa kavu, nondo haiwezi kuumeza umeme wote vizuri. Volti za kutosha kuchoma zinabaki juu, na kila chuma kilichounganishwa na ethi kinazibeba: bomba, koki, mpini wa friji.

Kwa hiyo friji haikuwa na kosa, ilikuwa inaletewa. Yule alipokata waya wa kijani na njano, friji ilijitenga na ethi, ndiyo maana ikatulia. Lakini siku mota ya friji hiyo ikipiga shoti kwenye bati lake, volti 230 zote zitakaa mlangoni kumsubiri atakayekuja kuchukua maji ya baridi. Chomoa friji mpaka waya ule urudishwe. Nimeshaitwa kwenye nyumba ambayo waya wa ethi ulikatwa hivyo hivyo, na tulichelewa. Sitaki kuandika zaidi.

Kuhusu swichi: mafundi wengine huifunga kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu (waya unaouleta). Ukizima, hita inaacha kuchemsha na kataa kake kanazimika, ukaridhika, kumbe laivu imebaki ndani ya elementi.

Pima hivi usiku. Chomoa kila kitu, zima taa zote, breka zote ziwe juu. Kaa mbele ya mita na simu yenye saa. Mita nyingi zimeandikwa 1000 imp/kWh, yaani taa ikipepesa mara 1,000 ni uniti moja. Hesabu dakika tano. Kisha shusha breka moja moja uone ni ipi inayoizima. Meni na breka tu ndizo za kugusa, ndani ya bodi na hita usifungue.

mzee_wa_mji

Fundi, samahani nikuulize. Kama umeme unavuja kiasi hicho, breka imelala? Si ndiyo kazi yake?

fundi_waya

Breka ya hita huwa ya ampea 16 au 20 mzee wangu. Kazi yake ni kulinda waya usiungue. Ampea moja haiishtui hata kidogo, kwake ni kidogo hata kuliko pasi moja ikiwaka. Kumbe sehemu ndogo tu ya ampea hiyo, ikipita kifuani, inatosha kuusimamisha moyo. Anayemlinda binadamu ni kifaa kingine, breka ya mvujo, madukani wengi wanaiita ELCB. Inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Unaorudi ukipungua kwa miliampea 30, inakata papo hapo. Nyumba nyingi za kupanga ninazoingia hazina, na mwenye nyumba ukimtajia anaulizia bei ya vigae.

mama_kihonda

Nimepima jana saa nne usiku, mtoto amelala, nimekaa kwenye ndoo mbele ya mita. Kila kitu kimechomolewa, hita imezimwa ukutani, breka zote juu. Taa ilipepesa mara 21 kwa dakika tano. Nikashusha breka ya soketi, ikaendelea. Ya taa, ikaendelea. Niliposhusha ya hita ikapepesa mara moja ya mwisho, kisha kimya. Nikasubiri dakika kumi, hakuna kitu. Kwa hiyo hata jirani hayumo.

Wenzangu, nililia pale pale. Swichi ile nilikuwa naizima kila siku kwa mkono wangu, halafu namwingiza mtoto akaoge.

fundi_waya

Pole mama, usijilaumu, swichi ilikudanganya. Mipepeso 21 kwa dakika tano ni 252 kwa saa, hizo ndizo wati 250 zetu. Tafuta fundi mwenye leseni, aje na kipimo cha kupimia nondo ya ardhini, asije na testa peke yake. Elementi ibadilishwe, swichi ya hita iwe ya kukata nyaya zote mbili, waya wa friji urudi, na ELCB ya miliampea 30 ifungwe. Na siku yoyote ukimwona mtu kanaswa, usimshike. Kimbilia meni swichi kwanza.

mama_kihonda

Mrejesho, siku ya nane. Elementi ilipotolewa ilikuwa na ufa mrefu kama ukucha, ndani unga mweupe umelowa. Nyaya za swichi zilikuwa zimegeuzwa kama ulivyosema. Mwenye nyumba kakubali kulipia elementi na swichi, ELCB nimenunua mwenyewe. Ina kitufe cha kujaribia, nimekibonyeza, ikakata nyumba nzima. Luku nilianza na uniti 28, sasa hivi inasoma 4.6. Leo asubuhi mtoto aliniomba niguse koki mimi kwanza. Nimeigusa, akaingia kuoga.