Gari la kwanza kwa mtoto aliyemaliza kidato cha sita: Altezza, Subaru WRX, Mark X au IST?

Mzee wa Tegeta
Wakuu habari za jioni. Nilimwahidi mtoto wangu wa kwanza kuwa akifaulu kidato cha sita namnunulia gari. Nilisema vile kumpa moyo tu, kumbe mwenzangu aliweka kichwani. Matokeo yametoka, ana wani ya pointi 6. Jioni ile ile kaniletea karatasi yenye magari kwa mpangilio: Altezza, Subaru Impreza WRX, Mark X. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, "IST (kama hakuna namna)". Mimi nilishaanza kuongea na dalali habari za IST. Pesa ipo. Wenye uzoefu nilinganishieni haya manne, lipi linamfaa mtu anayeanza? Mwisho wa mwezi nataka niwe nimelipia.

Fundi Msumeno
Mkuu, maswali kwanza. Mtoto ana miaka mingapi? Leseni anayo au bado? Ataendesha wapi, mjini au safari ndefu? Wese atalipa nani? Halafu "pesa ipo" ni shilingi ngapi? Kuna mtu pesa yake ipo ni milioni nane na mwingine ni hamsini. Unaagiza au unachukua mkononi?

Chuma cha Mjapani
Altezza, wala usiulize mara mbili. Tafuta RS200, injini 3S-GE, gia ya mkono, gia sita, nguvu ya farasi 210, inasukuma nyuma. Kule Japani ilibeba tuzo ya gari la mwaka la 1998-1999. Dogo atakuombea dua mpaka uzeeni. IST ni ya kupelekea watoto shule na kubebea ndizi.

Mama Wawili
@Chuma cha Mjapani kwani kupeleka watoto shule si ndiyo kazi ya gari? Yangu ni IST namba C, injini 1NZ, mpaka leo haijanilaza njiani. Spea hata Ifakara unapata. Ukiichoka unaiuza asubuhi, mchana umeshalipwa. Jaribu kuuza WRX uone watu watakavyokuja kuipiga picha na kuondoka.

Otis_Naks
Salamu kutoka Nakuru. Mzee, huyo kijana anajua magari! Mpatie Subaru. Inavuta magurudumu yote manne, kwa hivyo hata mvua ikinyesha inashika barabara vizuri kuliko hizo zingine zote. Safari Rally ya 1997 alishinda dereva McRae akiwa na Impreza, na 2000 akashinda Burns akiwa na Impreza. Hiyo barabara ya mawe na matope ilipita, itashindwa na lami ya Tegeta?

Fundi Msumeno
Sasa Otis, McRae alikuwa na jopo la mafundi wanamsubiri kila kituo. Huyu mtoto atakuwa na mimi peke yangu, na Jumapili sifungui. Zile gari za mashindano na hii ya dukani zinafanana sura tu.

Otis_Naks
Haya basi, lakini injini ya Subaru ni ya bapa, silinda zimelala, uzito unakaa chini, gari haiyumbi. Hiyo ni fizikia, haihitaji jopo la mafundi.

Fundi Msumeno
Ni kweli, na ni hiyo hiyo bapa inayofanya plagi zikae ubavuni, kuzibadilisha lazima mikono ichubuke. Hilo dogo. Tatizo la WRX ya mkononi ni historia yake. Yenye injini ya EJ20 ya tabo (turbo), farasi 250 kutoka kiwandani, imepita kwa vijana wangapi kabla ya kumfikia huyu? Tabo inataka oili safi na kwa wakati, inataka petroli ya okteni ya juu, na ukitoka kuikimbiza inataka uiache iungurume kidogo kabla ya kuzima. Nani kati yenu kijana alikuwa anafanya hivyo? Ukipata ambayo haijawahi kuchezewa niite, nitakuja hata kwa bodaboda.

Mbeba Boksi
Niko Uingereza huku. Leseni unaweza kupata ukiwa na miaka 17, lakini bima ndiyo inayokuchagulia gari. Magari yamepangwa kwa makundi ya bima, vijana wengi wanaanza na Corsa au Polo zenye injini ndogo, makundi ya chini kabisa. Mtoto wa miaka 18 akiulizia bima ya Impreza ya tabo, bei anayotajiwa inaweza kupita bei ya gari lenyewe. Halafu wengi wanafungiwa kisanduku ndani ya gari kinarekodi spidi, breki za ghafla na saa za usiku. Ukizidisha, bima inapanda. Huko nyumbani hakuna wa kumzuia isipokuwa wewe mzee.

Chuma cha Mjapani
Wabeba boksi bwana, kila uzi lazima mtuambie mko Uingereza.

Mbeba Boksi
Nimekuambia niko wapi ili ujue nimeyaona wapi. Hoja ijibu.

Mzee wa Tegeta
Asanteni wote. Majibu: bajeti ni milioni 15, ikizidi kidogo si mbaya. Mkononi, kuagiza nitachelewa. Miaka 17, anatimiza 18 mwezi wa tisa. Leseni bado ila anaendesha gari yangu hapa mtaani jioni. Wese nitatoa mimi kwa kiasi fulani. Anatarajia kwenda UDOM, kwa hiyo gari litakuwa Dodoma na likizo atakuja nalo Dar.

Fundi Msumeno
Aah! Ungeanza na hayo mzee wangu. Mtu hana leseni wewe unachagua farasi? Miaka 18 ndiyo anaruhusiwa gari. Kabla ya hapo akigonga mtu, bima inaweza isiwe na habari na wewe, hata kama umelipia kubwa. Mpeleke shule ya udereva kwanza, gari baadaye.

Shemeji wa Moro
Nilikuwa nasoma tu kimya kimya lakini ngoja niwape kisa.

Mtoto wa dada yangu, baba yake yuko mgodini Geita, pesa anatuma, ila nyumbani mwanaume ninayeonekana ni mimi. Akamaliza chuo cha kati, baba akamnunulia Altezza silva kutoka yadi moja ya mjini, sitaitaja. Imeshushwa mpaka chini, ekzosi ina kopo kubwa kuliko sufuria ya ubwabwa, rimu za inchi 18. Muuzaji anasema ilikuwa ya mdada wa benki, nyumbani kazini, kazini nyumbani. Mdada wa benki gani anaweka ekzosi ile? Tairi za mbele mpya. Za nyuma upara mtupu katikati, wamezipaka dawa nyeusi zinang'aa.

Kiangazi chote hakuna shida, anaenda nayo kinyozi na kurudi. Ikaja mvua ya kwanza ya Novemba. Mnajua lami inavyokuwa siku ile, vumbi na oili ya malori ya miezi yote vinapanda juu. Dogo na wenzake watatu wametoka kununua chipsi mayai Msamvu. Anatoka kwenye kona akaongeza moto kidogo, nyuma ikatoka. Akashituka, akaachia mafuta na kukanyaga breki kwa pamoja. Gari ikageuka, ikapanda ukingo kinyumenyume, tairi la nyuma kushoto likazama mtaroni. Wote wanaapa hata spidi 50 haikufika, na mimi nilivyoona alama barabarani nawaamini.

Nilipofika nilikuta chipsi zimeganda kwenye kioo cha mbele, kwa ndani, kachumbari dashibodi nzima. Vijana wanne wamekaa ukingoni, mvua inawanyeshea, hakuna anayeongea. Aliyekuwa nyuma hakufunga mkanda, jino la mbele limetoka. Tunashukuru Mungu ni jino.

Sasa njoo kwenye bima: ndogo, ile ya 118,000. Hiyo inalipa uliyemgonga, gari lako hawaligusi. Mkono unaoshika tairi la nyuma umepinda, rimu imepasuka, difu inalia. Fundi wa kwanza akachukua hela ya spea akaleta mkono wa gari nyingine, haukuingia. Wa pili akaingia mitini na betri. Baba akipiga simu kutoka Geita anauliza "limetoka gereji?" Likawekwa chini ya mwembe kwa dada, kuku wakawa wanataga siti ya nyuma. Liko pale mpaka leo.

Chuma cha Mjapani
Pole, lakini hapo kosa ni tairi. Hata IST yenye tairi upara ingeteleza.

Fundi Msumeno
Ingeteleza, ila namna yake ni tofauti. Inayovuta mbele ikizidiwa inaenda moja kwa moja, usukani unakata lakini pua haifuati. Ukiachia mafuta, uzito unakuja mbele, tairi zinashika, unarudi njiani. Yaani kile anachofanya mtu akiogopa ndicho kinachomsaidia. Inayosukuma nyuma ukiwa katikati ya kona ukaachia ghafla, uzito ule ule unahama mbele, nyuma inabaki nyepesi, inakupita. Pale woga wa mgeni ndio unaomaliza kazi. Mtu akishazoea, Altezza ni gari tamu sana, sikatai. Mark X nayo inasukuma nyuma vile vile, tena V6 ya 2.5, farasi 215. Watu wanaiona ya wazee kwa sababu ya sura. Na ile injini yake ya 4GR inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, haioshi valvu, kaboni inajaa, utaniletea inatetemeka.

Mama Wawili
Bima kubwa ya gari la milioni 15 kwa asilimia 3.5 ni 525,000, ongeza VAT unakuta 619,500 kwa mwaka. Mzee uiweke kwenye hesabu, usije ukamaliza zote kwenye chuma.

Mzee wa Tegeta
Nimesoma yote. Ila naona mnaandika "dogo", "kijana". Ni binti wakuu.

Chuma cha Mjapani
Ohoo. Basi IST, mzee. Nyekundu.

Otis_Naks
Ha! Ama Vitz. Hiyo WRX wacha.

Binti wa Kalenga
Mnanishangaza sana. Dakika tano zilizopita Altezza ilikuwa lazima, sasa imekuwa IST nyekundu? Kona ya Msamvu ilimuuliza mtu jinsia? Kama gari ni hatari kwa binti wa miaka 18 ni hatari kwa mvulana wa miaka 18, tena mvulana zaidi maana wenzake watatu wapo ndani wanamwambia "kanyaga". Mimi naendesha Altezza ya gia ya mkono, nilianza na Starlet ya marehemu babu. Mzee, huyo binti amekuandikia magari kwa mpangilio, ina maana kafanya utafiti. Muulize anaipendea nini Altezza. Akikujibu sura, utajua. Akikujibu injini, utajua pia.

Chuma cha Mjapani
Dada umenikamata. Ila rangi nyekundu ni nzuri kwa kuuzika.

Mbeba Boksi
@Binti wa Kalenga umeongea. Wamarekani nao wana taasisi inaitwa IIHS, inatoa orodha ya magari ya mkononi yanayofaa vijana. Gari lenye nguvu nyingi haliingii, na vile vidogo sana navyo haviingii kwa sababu ya uzito. Kwa hiyo IST na Vitz nazo wangezikataa, mjue.

Mama Wawili
Wamarekani waje kwanza waone bei ya wese hapa Kimara.

Kaka wa Reli
Mimi nauliza tu, kwa nini gari liende Dodoma na kurudi? SGR inafika Dodoma tangu 2024. Likizo binti apande treni, gari libaki chuoni. Ile barabara ya Moro hadi Dodoma usiku na malori sio ya mtu aliyepata leseni juzi, hata umpe Land Cruiser.

Shemeji wa Moro
Treni sawa, ila akifika Dar na mabegi yake stesheni nani anamfuata mpaka Tegeta?

Kaka wa Reli
Baba yake. Si ana pesa.

Mzee wa Tegeta
Nimemuuliza kama Binti wa Kalenga alivyosema. Akanieleza habari za 3S-GE robo saa nzima, nusu sikuielewa. Mama yake alikuwa jikoni akasema kwa sauti kwamba hakuna gari lolote litakalonunuliwa kabla ya leseni, kwa hiyo mwisho wa mwezi hapo haupo tena. Halafu shemeji yangu naye kaja na yake, anasema nichukue RAV4 ya milango miwili, ile ya zamani. Mnaionaje?

Fundi Msumeno
RAV4 ile ya kwanza? Ina 3S-FE, mtoto atakuambia ni ndugu yake 3S-GE, utarudi pale pale. Ila ni ngumu, haifi. Angalia kutu chini ya zulia la nyuma, na usichukue iliyonyanyuliwa.

Otis_Naks
Hiyo milango miwili ni fupi sana, kwenye kona ya kasi inataka kulala.

Mama Wawili
Milango miwili na mabegi ya chuo? Mtasumbuana.

Chuma cha Mjapani
@Shemeji wa Moro ile Altezza chini ya mwembe injini ni 3S-GE au 1G? Kama ni 3S na giaboksi ya gia sita iko salama, njoo faragha tuongee. Kuku nitawatoa mwenyewe.

Shemeji wa Moro
Ni 3S. Betri hakuna. Nampigia dada.