Ushauri: Siti ya mtu mmoja na keria kwenye Honda CG125 ya marehemu baba, bila kukata fremu

Mkulima_Hombolo
Wakuu, habari za jioni. Nina Honda CG125 aliyoiacha marehemu baba, alikuwa bwana shamba. Injini haina shida, kiki ya pili inawaka. Tatizo ni siti. Chuma cha chini kimeliwa na kutu, sponji limekuwa unga, nikikaa nazama mpaka nagusa fremu. Nimezunguka hapa Dodoma, Majengo hadi Kizota, napewa siti za pikipiki mpya ambazo hazikai.

Nimeamua kutengeneza siti fupi ya mtu mmoja yenye springi mbili nyuma, na pale pa abiria niweke keria ya kubeba kreti mbili za zabibu kutoka shambani. Zabibu hazivumilii mtikisiko. Za chini zikipasuka zinatoa maji, na mnunuzi anashusha bei hata hajaonja.

Fundi wa kuchomelea kaniambia tukate fremu kwa nyuma, tuunge nondo, asubuhi moja kazi imeisha. Moyo umekataa. Chini ya tenki, kwenye fremu, kuna herufi za jina la baba alizozigonga mwenyewe kwa patasi. Sitaki grenda iguse fremu hiyo. Nifunge wapi, na nitumie chuma gani?

Kijana_Kibaigwa
Mkuu, tafuta siti ya mtumba yoyote, uifunge na waya. Utaokoa hela.

Fundi_Changombe
Pole kwa msiba, kaka. Umefanya vizuri kukataa, na siti ya kufunga na waya usiisikilize, itakuangusha kwenye kona.

Keria ishikwe sehemu nne. Mbili pale shokapu zinapofungwa juu, na mbili mbele kwa klampu zinazokumbatia bomba la fremu. Weka kipande cha tyubu ndani ya klampu, rangi isichubuke. Pale kwenye shokapu, ukishaongeza bamba la milimita 3, hakikisha nati bado inaingia yote na nyuzi zinachungulia nje. Kama hazichungulii, usilazimishe.

Nondo waachie wajenzi. Zile ngumu ukizichomelea, chuma cha pembeni ya weldi kinakakamaa na kuwa rahisi kuvunjika, na mtikisiko wa kila siku unakikata hapohapo. Mimi nimeshaletewa keria za namna hiyo, zote zimekatika sentimita moja kutoka kwenye weldi. Tumia bomba jeusi la milimita 19, unene milimita 2. Ukipata la maji lenye zinki, saga zinki yote kabla ya kuchomelea na fanyia kazi nje, maana moshi wake unaleta homa usiku. Na chomelea keria ikiwa pembeni, siyo ikiwa imefungwa kwenye pikipiki.

Kabla ya yote hayo, fungua shokapu zote mbili, ushushe fremu mpaka urefu wa shokapu iliyobonyea kabisa, ndipo upime tairi linafika wapi. Ukipima ikiwa juu ya stendi umejidanganya.

Msafiri_Kondoa
Nakazia kitu kimoja. Uzito usivuke ekseli ya nyuma. Kreti zikining'inia nyuma, usukani unakuwa mwepesi, na kwenye mchanga hutaugeuza. Sogeza keria mbele, uache vidole vitatu tu nyuma ya siti ili springi zicheze.

Springi za tandiko la baiskeli ya Phoenix zinafaa, ila bawaba ya mbele iwe pana, kama kiganja. Ikiwa nyembamba, siti inayumba kushoto na kulia, na mgongo utalipa. Chini weka plaiwudi ya milimita 12 yenye matundu ya kutolea maji, juu yake sponji gumu, halafu laini. Mwambie fundi masofa mshono upite ubavuni. Ukipita juu, mvua inaingilia hapo.

MamaShamba_Mvumi
Mwanangu, springi za siti zitakupumzisha wewe, zabibu hazitajua kama zipo. Tandika raba ya tairi juu ya keria na sponji ndani ya kreti. Usijaze mpaka juu. Vuna alfajiri, uondoke kabla jua halijakolea, maana zabibu yenye joto inalainika na kupasuka upesi.

Mkulima_Hombolo
Asanteni sana, na shikamoo mama. Jumamosi nilifungua shokapu kama fundi alivyosema. Tairi lilipanda karibu sentimita 8, na mchoro wangu ulikuwa umeacha 5 tu. Nimeinua keria yote. Imeshafungwa, siti imekaa, jina la baba liko palepale. Lakini taa ya nyuma niliyoihamishia kwenye keria haiwaki, na balbu ni nzima.

Fundi_Changombe
Hiyo ni ethi, kaka, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha fremu. Zamani taa ilipata ethi kupitia chuma cha madigadi. Sasa ile tyubu na rangi uliyopaka vimeitenga keria na fremu. Vuta waya mmoja kutoka kwenye mwili wa taa, uufunge kwenye bolti ya fremu. Futa rangi chini ya bolti tu, kisha paka grisi. Usitembee usiku kabla hujafanya hivyo.

Mkulima_Hombolo
Imewaka, ya breki pia. Kesho saa kumi na moja alfajiri naondoka na kreti mbili.