Tupeane uzoefu: wapiga picha wa Kigoma, staili yako kwenye picha za watu ulianzaje kuijenga?

Mwanzisha mada
Wadau, salaam. Kuanzia Mwanga mpaka Ujiji kamera zimekuwa nyingi, ila ukifungua kurasa za vijana picha zote zinafanana: nyuma kumefifia, uso umeng'arishwa, rangi ya chungwa kila mahali. Ukifuta jina la mpigaji hujui ni ya nani. Mliokwisha vuka hapo mwageni mbinu. Sitaki "jiamini tu", nataka vipimo.

LenziMoja
Mkuu, kwa anayeanza: funga vitu vitatu visibadilike kwa miezi mitatu, yaani lenzi, mwanga na umbali.

Lenzi ya 50mm f/1.8 inatosha (f ni upana wa tundu la lenzi, namba ndogo ni tundu kubwa). Kwenye kamera yenye sensa ndogo, yaani kibamba kidogo cha kupokea mwanga, inakata picha kama lenzi ya 75 au 80mm, kwa hiyo simama mita mbili hadi tatu. Ukichukua lenzi pana ukamsogelea mtu chini ya mita moja, pua inavimba na masikio yanarudi nyuma. Usikimbilie f/1.8 kwa kuwa umeilipia. Ukiwa karibu, jicho moja litakuwa kali na la pili lina ukungu. Weka f/2.8 au f/4, shata 1/200 ya sekunde, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iache ipande hadi 1600. Chenga kidogo haiui picha, picha iliyotikisika haina dawa.

Mwanga uwe mmoja: mlango ulio wazi usiopigwa na jua moja kwa moja. Mtu akae ndani, kama mita moja kutoka mlangoni, ageuze mwili nusu. Zima taa za ndani zote, kwa sababu tyubu ina ukijani na mchana una ubuluu; ukichanganya, nusu ya uso itakuwa na rangi yake. Upande wa kivuli weka shuka jeupe. Likiwa karibu kivuli kinafunguka, ukilisogeza mbali uso unakuwa na uzito. Umbali wa hilo shuka peke yake unaweza kuwa saini yako.

Ukifikisha picha 30 zichapishe ndogo, zitandaze sakafuni. Toa zote zilizopendeza kwa sababu mtu mwenyewe ni mzuri. Zilizobaki angalia kinachojirudia: kichwa umekiweka wapi, mikono inaonekana au umeikata, wanatazama lenzi au pembeni. Anzia hapo.

Katubuka
Umemaliza kila kitu. Mlango, si dirisha. Madirisha yetu yana nondo na wavu, nusu ya mwanga unabaki huko.

Jua la Jioni
Mnaofuata masomo ya watu wa Dar, rekebisheni saa zenu. Sisi tuko magharibi mwa nchi, jua letu linachelewa dakika kama 40. Saa kumi na moja jioni ambayo kwao imeshalainika, hapa bado inachoma. Linazama karibu saa moja, na Februari linafika saa moja na dakika ishirini hivi.

Ufukweni kosa ni lilelile: mtu anasimamishwa ziwa likiwa mgongoni, jua nyuma yake, kamera inapima anga, uso unakuwa giza. Pima shavu kwa kipimo cha nukta, yaani kamera ipime mwanga wa sehemu ndogo tu, anga liache liungue liwe jeupe. Au subiri jua lizame, mgeuze atazame ziwa: una dakika kumi na tano za mwanga laini, na hakunji macho.

Mama Vitenge
Na miembe jamani! Chini ya mwembe uso unapata ukijani wa majani. Kwenye udongo mwekundu kidevu kinapata wekundu kutoka chini. Tandika kitambaa cheupe miguuni, nje ya fremu, nusu ya tatizo imeisha.

Dagaa Mkavu
Staili ni mteja kulipa. Akitaka chungwa mpe chungwa, akitaka embe mpe embe 😂

LenziMoja
Ndiyo maana kurasa zinafanana, mkuu.

Shemeji wa Gungu
Huyo wa chungwa amenikumbusha kisa cha kijana mmoja kwenye sendofu. Alinunua priseti, yaani mipangilio ya rangi iliyotayarishwa, mtandaoni akaimwaga kwenye picha zote bila kuangalia moja moja. Albamu ikafika, mama wa bibi harusi akaifungua mbele ya wageni, akauliza, "Huyu ni nani?" Binti maji ya kunde ametoka mweupe, shangazi zake weusi wametoka kijivu kama waliopakwa majivu. Mama akafunga albamu, akamrudishia mkononi. Kuomba arekebishe, kijana akawa mdogo: alipiga JPEG (picha ambayo kamera imeshaichakata na kuibana), akahifadhi juu ya picha za mwanzo, na kadi alishaifuta akapige kazi nyingine.

Katubuka
😳😳 Hela alirudisha?

Binti Kibirizi
Mama alimwacha akatoka salama?

Shemeji wa Gungu
Alirudisha nusu. Mengine siyasemi.

Jua la Jioni
Sababu iko wazi. Ngozi zetu zinakaa kwenye chungwa na nyekundu. Priseti nyingi zinapandisha mng'ao wa chungwa na kupunguza ukolezi wake, hapo ndipo ujivu unapotokea. Usiguse kabisa mng'ao wa chungwa. Piga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata), na kadi usiifute mpaka mteja apokee kazi na nakala iwe sehemu mbili.

Dagaa Mkavu
RAW inajaza kadi. Piga JPEG vizuri, basi.

Jua la Jioni
Soma kisa cha juu tena, taratibu.

Mama Vitenge
Tena kamera yenyewe inadanganya. Mtu mweusi kwenye ukuta mweupe inamtia giza, ongeza mwangaza kwenye kamera +0.7 hadi +1. Mweusi aliyevaa nguo nyeusi akijaza fremu inampausha, punguza kidogo. Jasho la paji la uso futa kwa tishu kabla ya kupiga, ila usiue mng'ao wote. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo kwa mng'ao wake.

Mzee wa Stesheni
Vijana, tazameni picha za Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali. Studio alifungua 1948, mwanga wa mchana, uani. Kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka la kitandani mwake, na baadaye alibadili vitambaa kila baada ya miaka michache, hadi akawa anakisia picha ni ya mwaka gani kwa kuangalia kitambaa. Kwa kawaida mteja alipigwa picha moja tu, filamu ilikuwa ghali.

Binti Kibirizi
Basi na mimi natundika kitenge nyuma.

Mama Vitenge
Tundika, ila maua makubwa nyuma na maua makubwa mwilini yanapigana. Mteja akija na gauni la maua, nyuma weka rangi moja. Na mtu akae mita moja na nusu mbele ya kitambaa, la sivyo kivuli chake kinalala juu ya kitambaa na mikunjo yote inaonekana.

Binti Kibirizi
Na lile shuka la kivuli, lolote?

LenziMoja
Pamba, jeupe kabisa, bila maua. Lenye rangi ya krimu litampaka mtu umanjano. Na mpe mtu alishike, upepo wa ziwa haujui stendi.