MREJESHO: Jiko la gesi au la umeme, Mikindani

Wakuu, nilileta swali la kuchagua kati ya jiko la gesi na la umeme. Asanteni sana mlionijibu.

Nimefuata ushauri wa kuchanganya. Nina mtungi wa kilo 15 (gesi asilia inayochimbwa Mnazi Bay, hapa Mtwara, tunayo jirani, lakini bomba halijapita mtaani kwetu!) na presha kuka ya umeme ya maharage na mbaazi kavu. Vinaiva vizuri, na uniti za LUKU (umeme wa kulipia kabla) hazikimbii nilivyohofia. Umeme ukikatika, nawasha gesi.

Jiko la umeme la induksheni (linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku) mlilolisifia limegoma. Sufuria zangu za alumini halizitambui, linataka kitako kinachonasa sumaku. Nimempa shemeji, yeye ana sufuria za chuma. Chapati ni kwenye gesi tu, hapo sibishani na mtu.