Msitu wa Rondo: tuwafungulie wageni au tuuache utulie?

MWALIMU NYANGAO:
Salaam wana Lindi na Mtwara, na wengine wote. Naomba tujadili hili. Kule juu, kwenye uwanda wa juu wa Rondo mkoani Lindi, tuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Rondo, iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Wengi wetu tunapita chini kwenye lami ya kwenda Masasi mwaka hadi mwaka bila kunyanyua shingo. Ndani ya ule msitu yumo komba wa Rondo, ambaye zaidi ya mara moja ametajwa kwenye orodha ya dunia ya wanyama 25 wa ukoo wa nyani, kima na komba walio karibu zaidi kutoweka. Wanafunzi wangu wanaijua Serengeti kwa picha, wanaijua Ngorongoro kwa picha. Rondo wanaona mawingu yake kila siku na hawajui kilichomo.

Swali langu: utengenezwe kweli kweli, ziwepo njia za kutembea, pawe na pa kulala na vijana wa kuongoza wageni? Au tuuache kwa kuhofia kwamba wageni watauharibu? Mimi nasema utengenezwe, na wa kwanza kupanda wawe watoto wa huku.

BODABODA MTAMA:
Mwalimu shikamoo. Mimi abiria wa Rondo nawabeba. Kiangazi unakula vumbi, masika ule udongo ukilowa pikipiki inarudi nyuma na abiria wake. Kabla ya kuita wageni, iiteni greda.

MSAFIRI WA DAR:
Nimetembea mikoa mingi na nitasema ukweli ambao hamtaupenda. Kusini hamtaki utalii, mnataka nyama. Kila chenye mkia kwenu ni kitoweo. Watu mnaokula panya mnaambiwa mlinde komba? Huyo mnyama ana bahati hajawekwa kwenye chungu. Uacheni msitu ufungwe, ulindwe na askari.

BINTI NEWALA:
Msafiri, heshima ni kitu cha bure na bado umeikosa. Huyo unayemsema sisi tunamwita samaki nchanga, ni panya wa shambani. Anakula mihogo, karanga na mpunga, hashindi jalalani wala mitaroni. Anachimbwa kiangazi mavuno yakishatoka, anaunguzwa manyoya, anapasuliwa, anachemshwa kwa chumvi, anakaushwa, ndipo anapikwa. Bibi yangu alitulea kwa hiyo mboga na hatukulala na njaa. Nani kati yenu amemwona Mmakonde akitafuna komba? Leta ushahidi au omba radhi.

MJUKUU WA TANDAHIMBA:
Binti umemaliza. Niongeze tu: wenzetu huko wanakula kumbikumbi na senene, wanasifiwa kwamba wana protini. Sisi tukila chetu tunaitwa washenzi. Msafiri aje Tandahimba mwezi wa nane nimkaribishe, akishiba tutaendelea na mjadala.

MSAFIRI WA DAR:
Nilichosema hamjajibu. Huyo panya mnampataje? Mnachoma nyasi ili mashimo yaonekane. Moto unaanzia porini kwa sababu ya mboga, unaishia hifadhini. Hilo si matusi, ni jambo linalojulikana.

BINTI NEWALA:
Kwa hiyo umehama kutoka "kila chenye mkia" hadi moto. Radhi iko wapi?

MZEE WA MIKINDANI:
Wajukuu, punguzeni sauti. Komba sisi tunamjua tangu utoto. Anashuka usiku kwenye minazi anakunywa tembo la mgema, asubuhi mnamkuta hoi chini ya mti. Mnyama kama huyo hawezi kwisha. Hizo orodha za dunia zinaandikwa na watu wasiokaa kwetu.

MSTAAFU WA MISITU:
Mzee wangu shikamoo. Huyo wa kwenye minazi ni komba mkubwa, mwingine kabisa. Wa Rondo ana uzito wa gramu 60 hivi, sawa na yai moja la kuku. Ndiye mdogo kuliko komba wote wanaojulikana. Hutoka usiku, hula wadudu na matunda, hukaa chini chini kwenye vichaka vya msitu wenyewe. Ukifyeka msitu ukaacha mnazi, hahamii kwenye mnazi, anakufa. Wanasayansi walimtambua rasmi kuwa jamii ya peke yake miaka ya 1990 tu, na njia kubwa ya kumtofautisha ni mlio wake. Anapatikana Rondo, Litipo pale Rutamba, Chitoa, Noto, na mabaki machache ya msitu wa pwani mpaka Pugu na Pande huko upande wa Dar. Msafiri huenda analala karibu naye kuliko mimi.

Sasa kuhusu swali la Mwalimu, maana naona limekanyagwa. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inaitambua hifadhi ya mazingira asilia. Humo huvuni mbao, huchomi mkaa, lakini utafiti, elimu na matembezi vinaruhusiwa kwa utaratibu. Amani kule Muheza ndiyo ilikuwa ya kwanza, 1997, na watu wanakwenda kuona vinyonga na ndege bila msitu kuanguka. Kwa hiyo "ufungwe kwa askari" halipo kwenye sheria. Kinachobaki ni namna ya kuingia.

MSAFIRI WA DAR:
Asante kwa elimu mzee. Na moto?

MSTAAFU WA MISITU:
Moto upo, sikatai. Kuanzia mwezi wa saba mpaka mvua za kwanza unakula ukingo wa msitu kidogo kidogo kila mwaka. Mwindaji wa panya anawasha, mrina asali anawasha, mpita njia anatupa kipisi. Ila moto mkubwa ni wa kuandaa mashamba. Ufuta unapenda ardhi mpya. Mtu anafyeka msitu, anachoma, anapanda, misimu michache nguvu ya udongo inapungua na magugu yanazidi, anasogea mbele kufyeka kwingine. Ukitaka kujua msitu wa Lindi umekwenda wapi, fuata magunia ya ufuta mnadani.

MJUKUU WA TANDAHIMBA:
Sasa tumehama panya tumekuja kwenye ufuta? Ufuta ndio unasomesha watoto Lindi kama korosho inavyosomesha kwetu! Mstaafu ana pensheni, mkulima hana. Usimgeuze mkulima kuwa adui wa msitu.

MSTAAFU WA MISITU:
Pensheni yangu umeijuaje? Nami nalima. Nimesema ufuta unahamahama kwa sababu mkulima hana mbolea wala mtu wa kumfundisha kubaki shamba moja. Soma tena nilichoandika.

MKAZI WA MNARA:
Mimi naishi Rondo. Nimesoma toka juu mpaka hapa, watu mnatusemea wenyewe. Wa Newala anagombana na wa Dar, wa Mikindani anazungumza minazi, na sisi tuliopakana na msitu hakuna aliyetuuliza.

Nisikilizeni. Enzi za mkoloni mvule za Rondo zilikatwa zikashushwa pwani. Hatukubakiziwa hata kiti. Kisha ikaja habari ya Waingereza kulima karanga Nachingwea, reli ikajengwa, mpango ukafutwa 1951, na reli yenyewe ikang'olewa. Babu zetu walipewa majembe wakaambiwa maendeleo yamefika. Ndiyo maana Mwalimu akisema "wageni watakuja", mzee wa kwetu anauliza kwanza watachukua nini.

MZEE WA MIKINDANI:
Hapo umesema. Na yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria aliyeko Berlin? Si alitolewa huko huko Rondo, akapelekwa Ujerumani, mpaka leo wanakusanya viingilio wao?

BINTI NEWALA:
Mzee, ni Tendaguru, si Rondo, ila mkoa ni huo huo wa Lindi. Walichimba 1909 mpaka 1913. Mifupa ilibebwa vichwani na watu wetu siku kadhaa mpaka bandarini Lindi. Msimamizi wao mkuu wa uchimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu wetu, na ni wangapi hapa mmewahi kusikia jina lake? Mimi nasema mjusi arudi.

MJUKUU WA TANDAHIMBA:
Arudi wapi? Lindi kuna jengo la kumweka? Yule mnyama ana urefu wa mita 13 kwenda juu. Mtamweka stendi?

BINTI NEWALA:
Ndiyo maneno tunayoambiwa kila tukidai chetu. Jengo linajengwa. Kwanza wakubali kwamba ni mali yetu, jengo litafuata.

BODABODA MTAMA:
Wakubwa, mjusi ana mjadala wake, ufunguliwe mwingine. Huku tulikuwa tunaongea msitu.

MWALIMU NYANGAO:
Asante Bodaboda. Mkazi wa Mnara, nimekusikia na naona una haki. Lakini naomba usiniweke kundi moja na waliokata mvule. Mtu anayekuja kutazama ndege haondoki na gogo begani. Rondo kuna ndege Batis reichenowi, kadogo, wa pwani ya kusini mwa Tanzania tu, duniani kote hana kwingine. Watu wanapanda ndege kutoka mabara mengine kwa ajili ya ndege wa namna hiyo. Wakifika huku watahitaji wa kuwaongoza, wa kuwapikia, wa kuwabeba. Je, hayo yawe ya kijana wa Mnara au ya kampuni itakayokuja na gari lake, mpishi wake na maji yake ya chupa?

MKAZI WA MNARA:
Mwalimu, swali hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo. Ulianza na watoto wa shule na komba. Kijana wa kwetu anaujua ule msitu usiku bila tochi. Anajua funo anapitia wapi, anajua mti gani unatoa maua mwezi gani. Lakini hana cheti. Siku kazi zikitangazwa ataambiwa alete cheti na Kiingereza, atachukuliwa aliyesomea mbali, na yeye atabaki kuulizwa kama alikata kuni. Mimi mwenyewe nimewahi kukamatwa na mzigo wa kuni kavu nilizookota, nikachelewa msiba. Msinieleze habari za ulinzi kwa askari.

MSAFIRI WA DAR:
Pole kwa hilo la msiba, ndugu yangu. Ila bila askari mngebaki na nini? Tazama kilichotokea kwenye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, mkaa mtupu. Huko watu walikuwa "shirikishi" pia, yaani wakilinda msitu pamoja na serikali.

MKAZI WA MNARA:
Mkaa wa Pugu unapikiwa na nani? Si nyie hapo Dar? Magunia yanayopita Nangurukuru usiku yanaelekea wapi?

MJUKUU WA TANDAHIMBA:
Hapo amekamatika.

MSAFIRI WA DAR:
Mimi natumia gesi.

BINTI NEWALA:
Na radhi unatumia nini? Bado nakungoja.

MSTAAFU WA MISITU:
Tusirushiane mkaa. Mfano wa kijiji kufaidi msitu wake tunao humu humu mkoani. Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi viliingia mwaka 2009 kwenye cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha mbao zinazovunwa bila kuharibu msitu, kupitia MCDI, shirika la kuhifadhi mpingo, wakawa wanauza mpingo wao wenyewe kwa hesabu na bei inayoeleweka, na fedha zikaingia kijijini. Mwaka huo huo TFCG, shirika la kuhifadhi misitu, na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazotunza misitu, walianza mradi wa hewa ukaa, yaani kijiji kulipwa kwa kutunza msitu, kwenye vijiji vya Lindi, na malipo ya majaribio yalipotoka watu walipewa fedha mkononi, mpaka watoto wakahesabiwa mgao wao. Mkutano wa kijiji ulikaa, majina yakasomwa, mtu akasaini. Nimeona kina mama wakipokea fedha za msitu kwa mara ya kwanza maishani, na baada ya hapo walikuwa wakali kwa mchoma moto kuliko askari yeyote.

MKAZI WA MNARA:
Hiyo nakubali. Ila angalia tofauti: ile ni misitu ya vijiji. Rondo ni ya serikali kuu. Kiingilio kinakwenda juu. Kwa nini nimzuie mwenzangu asiwashe moto ukingoni kwa msitu ambao stakabadhi yake siioni?

MSTAAFU WA MISITU:
Kwa sababu ya maji. Mvua inayozama pale juu ndiyo inayotoka kwenye chemchemi za miteremkoni, nyingine zinashuka upande wa Lukuledi, nyingine upande wa Mbwemkuru. Stakabadhi yako ni ndoo ya maji.

MKAZI WA MNARA:
Maji yanashuka kwa walioko bondeni, mzee. Sisi tuliokaa juu tunayafuata kwa miguu. Dada zangu wanajua njia ile kuliko ya shule. Kama ni stakabadhi, basi imeandikwa jina la mtu mwingine.

BODABODA MTAMA:
Hilo ni kweli tupu. Nusu ya safari zangu za kupanda ni madumu.

MZEE WA MIKINDANI:
Basi hao wageni walipe maji kwanza. Kisima kichimbwe, ndipo njia za kutembelea zichongwe.

MWALIMU NYANGAO:
Nalichukua hilo. Mimi sina ofisi, nina chaki tu, ila naweza kuandika barua na kuja nayo. Nipendekeze hivi: kiingilio kiwe na sehemu inayorudi vijijini kwa maandishi, waongozaji watoke vijiji vinavyopakana na hifadhi na wasomeshwe wakiwa kazini, na usiku wasiingie watu wengi kwa pamoja maana huyo mnyama ni wa usiku na mwanga mkali unamsumbua. Wanafunzi wangu wanaweza kupanda mchana, wakalala shuleni kwenu, wakachangia chakula.

MSAFIRI WA DAR:
Hapo hata mimi sina neno. Na Binti Newala, lile la mboga nililisema vibaya. La moto nalishikilia.

BINTI NEWALA:
La mboga limepokelewa. La moto utalijibu kwa Mstaafu, kwa sababu alishakwambia ufuta na ukapita kando.

MJUKUU WA TANDAHIMBA:
Mimi napinga mpaka nisikie wakulima wa ufuta wanapewa nini. Hamwezi kuwaahidi vijana watano kazi ya kuongoza wageni halafu mkataze kaya nzima nzima kusogea. Watano hawalishi kijiji.

MKAZI WA MNARA:
Mjukuu yuko sahihi, na hata sisi tutauliza hivyo hivyo. Mwalimu, barua yako ipeleke kwa mtendaji, usipeleke kwa mwenyekiti peke yake. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Andika wazi nani ataajiriwa, fedha zitapita akaunti gani, na mwenye shamba la ufuta jirani na mpaka atasaidiwa kwa nini. Ukiandika utalii tu, wazee wataondoka kabla hujamaliza aya ya kwanza.