Je, baridi hupunguza upepo wa mpira usiovuja?

Swali:
Ndugu zangu, kanuni za NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, hutaka mpira uwe na kanieneo ya paundi 12.5 hadi 13.5 kwa inchi ya mraba. Je, baridi peke yake yaweza kuushusha chini ya hapo?

Jibu la kwanza:
Ndiyo, ndugu, mradi ukumbuke kuwa geji husoma ile ziada tu iliyo juu ya kanieneo ya hewa ya nje, ambayo ni kama 14.7. Mpira wa 12.5 una jumla ya 27.2, ukitolewa chumbani penye nyuzi 21 za Selsiasi hadi uwanjani penye nyuzi 9, yaani kutoka kelvini 294 hadi 282 (kipimo cha joto kinachoanzia sifuri halisi), jumla hushuka kwa uwiano huohuo hadi 26.1, na geji itasoma takriban 11.4. Hakuna hewa iliyotoka. Molekuli zimepunguza mwendo tu.

Jibu la pili:
Hesabu ni sahihi, lakini saa ya kupima ni muhimu mno, kwa kuwa mpira ukirudishwa ndani huanza kupata joto mara moja. Ndiyo maana mzozo wa Januari 2015 kuhusu mipira ya New England Patriots, timu ya NFL iliyodaiwa kuitoa upepo makusudi, ulikuwa mgumu kuamua: ilipimwa wakati wa mapumziko, ndani ya chumba, mmoja baada ya mwingine.