Thabeet kwa Battier: mkiomboleza, mwombolezeni aliyestahili

Wakuu, heshima mbele.

Kila mwaka ifikapo Februari, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji katika NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, inapokaribia, hufufuliwa hapa jamvini lalamiko lilelile kwamba tarehe 24 Februari 2011 Memphis Grizzlies walimtupa kijana wetu Hasheem Thabeet na kuchukua Shane Battier, mzee asiyefikisha hata pointi kumi kwa mechi. Safari hii yameandikwa mambo ambayo siwezi kuyaacha yapite, kwamba Battier hakuwa na thamani na alikuwa amekwisha, na yanaandikwa kwa kujiamini na watu ambao ni dhahiri hawakuitazama Memphis ya mwaka ule hata robo moja ya mchezo. Nami ni Mtanzania, na usiku ule wa drafti ya 2009, yaani pale klabu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, Thabeet alipochaguliwa wa pili nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden, nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Uzalendo, hata hivyo, hauhalalishi kumdhalilisha Shane Battier.

Tuanze na vilivyobadilishwa, kwa sababu wengi mnaobisha mnataja majina mawili tu. Memphis ilitoa Thabeet, DeMarre Carroll na haki ya kuchagua mchezaji katika raundi ya kwanza ya drafti ya baadaye, nayo Houston Rockets ikatoa Battier na Ish Smith. Battier alikuwa na umri wa miaka 32 na mkataba wake ulikuwa ukiisha kiangazi kilekile. Kwa anayesoma safu ya pointi peke yake, Memphis iliibiwa mchana kweupe. Lakini asichokitaja mlalamikaji hata mmoja ni kwamba mwezi huohuo Rudy Gay, mfungaji wa kutegemewa na mchezaji wa pembeni wa Memphis, aliumia bega na hakurudi tena msimu ule. Na Gay huyo ndiye aliyeletwa Memphis mwaka 2006 kwa kumtoa Battier huyuhuyu kwenda Houston! Timu iliyomwacha mtu miaka mitano nyuma ilirudi kumbishia hodi ilipobanwa, nanyi mnataka kuniambia kwamba hakuwa na thamani.

Kilichofuata kimo katika kumbukumbu za ligi. Memphis iliingia hatua ya mchujo ikiwa ya nane, yaani ya mwisho kupita, upande wa Magharibi, na ikakutanishwa na San Antonio Spurs waliokuwa wameshinda mechi 61 msimu huo. Tangu iundwe, klabu ya Memphis ilikuwa imecheza mechi 12 za mchujo, mwaka 2004, 2005 na 2006, na ikafungwa zote 12, Battier akiwamo katika kila moja. Tarehe 17 Aprili 2011, katika mechi ya kwanza, zikiwa zimebaki sekunde zisizotimia 24 na Memphis ikiwa nyuma kwa pointi mbili, ni nani aliyetupa ile ya pointi tatu iliyoipa uongozi wa 99 kwa 98? Ni huyohuyo mzee wenu. Mechi iliisha 101 kwa 98, ukawa ushindi wa kwanza wa mchujo katika historia ya klabu, na baada ya mechi sita Spurs walikuwa wametolewa.

Hata hivyo sipendi kumtetea kwa mtupo mmoja, kwa sababu nikifanya hivyo nitakuwa nimerudi kwenye safu ileile ya pointi ninayoilalamikia. Kazi ya Battier haikuandikwa popote. Alipomkaba Kobe Bryant, mfungaji nyota wa Los Angeles Lakers, hakuruka ovyo kutafuta kuzuia mpira. Alichofanya ni kuinua kiganja mbele ya macho yake, asiguse mkono na asifanye kosa, huku akimsukumia taratibu kwenye maeneo ambayo Kobe alipata mitupo migumu ya pointi mbili kutoka mbali, yaani mitupo yenye faida ndogo kuliko yote uwanjani. Alisimama njiani agongwe ili mpinzani aandikiwe kosa. Aliwapangia wenzake mahali pa kusimama. Rockets waliposhinda mechi 22 mfululizo mwaka 2008, na nguzo yao Yao Ming akavunjika mguu katikati ya safari hiyo, walioendelea kuishikilia ile timu walikuwa watu wa aina hii. Hakuna shabiki wa kandanda hapa nchini asiyeelewa kwa nini kiungo mkabaji analipwa ingawa hafungi mabao. Sasa ni kwa nini akili hiyo tunaiacha mlangoni tukiingia kwenye kikapu?

Kwa wale wanaosema alikuwa amekwisha: Desemba mwaka huohuo alikwenda Miami Heat, akachukua ubingwa wa 2012 na wa 2013. Mwaka 2013 alipoteza mwelekeo wa mitupo yake kiasi cha kocha kumweka benchi, kisha katika mechi ya saba ya fainali dhidi ya Spurs, ambao naamini walikuwa wameshachoka kuliona jina lake, akafunga mara sita kutoka nje ya mstari wa pointi tatu na kumaliza na pointi 18. Miami walishinda kwa tofauti ya pointi saba.

Ninakubali pingamizi moja, na ni la haki. Memphis ilimpata Battier kwa miezi michache tu, akaondoka bila klabu kupata chochote, na ile haki ya raundi ya kwanza ilikuwa imekwenda. Bei ilikuwa kubwa. Anayejenga hoja yake hapo nitamsikiliza hadi mwisho, lakini simwoni. Ninachokiona ni mimi kuitwa msaliti wa taifa.

Na hasira yangu kubwa zaidi naielekeza kwa wale wanaojidai kumtetea Thabeet, kwa sababu ndio wanaomwumiza. Huyu alikuwa kijana wa mita 2.21 aliyeanza kujifunza kikapu akiwa na miaka 15, akatokea Chuo Kikuu cha Connecticut akiwa mzuiaji mitupo wa kuogopwa. Katika msimu wake wa kwanza Memphis alicheza dakika 13 kwa mechi na bado akawa anazuia zaidi ya mtupo mmoja. Huyo ni mchezaji wa kazi maalumu, wa kuingia akalinda kikapu, akapumzisha wachezaji wa kikosi cha kwanza na kutoka. Angechaguliwa wa ishirini na tano, angepewa miaka minne ya kukomaa na pengine tungekuwa tunamsifu hadi leo. Alichaguliwa wa pili, akadaiwa awe nyota, akatumwa ligi ya maendeleo, ile ndogo ya kukuzia wachezaji, katika msimu uleule wa kwanza na kuchekwa duniani kote, ilhali pale Memphis mbele yake alikuwa amesimama Marc Gasol, ambaye mwaka 2013 alitangazwa mlinzi bora wa ligi nzima. Msimu wa 2012–13 alipopata nafasi ya akiba Oklahoma City, katika timu iliyoshinda mechi 60, alicheza zaidi ya mechi sitini na kufanya kazi yake bila makelele. Ule ndio uliokuwa ukubwa wake halisi, na ninyi mnauita aibu kwa sababu pointi zilikuwa mbili na kidogo.

Nimalizie na jina ambalo hakuna aliyelitaja katika kurasa zote nilizosoma, nalo ni DeMarre Carroll. Houston ilimwachia ndani ya miezi miwili, wala Memphis haikuwa imeona thamani yake alipokuwa mikononi mwake. Mwaka 2015 alikuwa katika kikosi cha kwanza cha Atlanta Hawks walioshinda mechi 60, ambacho wachezaji wake wanne waliitwa kwenye mchezo wa nyota na yeye peke yake akaachwa, na wote watano kwa pamoja wakapewa tuzo ya mchezaji bora wa mwezi wa Januari upande wa Mashariki. Kiangazi hicho Toronto Raptors walimpa mkataba wa miaka minne. Kama ni lazima mlie kwa ajili ya tarehe 24 Februari 2011, huyo ndiye aliyepotea, na Memphis ilimtoa kama nyongeza ya kusawazisha mahesabu. Aliyeandika juzi kwamba wachezaji wa aina hii wanaokotwa popote, aniambie ni kwa nini klabu mbili zilimshika mkononi na zote mbili zikamwangusha.